Juisi ya Gesi na Chupa za Kioo

Fundi Sindano alikuwa amesema uongo, tena aliusema vumbi la sala likiwa bado magotini. Aliwaambia wenzake wa kijiweni kwamba nyumbani kwake ana mashine ya kutia gesi kwenye juisi. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na nanasi, sukari, na hamira ya mkewe ya kuumulia mkate, ambayo alikuwa akiitia kwa kukadiria tu, kama anavyokadiria kiuno cha mteja aliyemzoea. Mwanzoni alijaza chupa za plastiki. Wakanywa, wakabeua, wakamsifu. Sifa zikampanda kichwani. Leo dada yake anapokea wakwe, naye amempelekea chupa sita za kioo, za vifuniko vya kubana kwa waya, zipendeze mezani. Ya saba ndiyo hii aliyoileta kijiweni, mbele ya duka la kinyozi, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya benchi.

— Mbona inalia sssss? akauliza Kinyozi, kikombe cha kahawa kikiwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni.

— Inapumua, akasema Sindano. Mgongo ulikuwa umeshamlowa.

— Inapumua? Kwani ina mapafu?

Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, akasogea hadi mwisho wa benchi.

— Hiyo ni kama tairi. Likijaa mno unalipunguza. Lete kisu.

— Usiiguse, mzee wangu!

— Unaogopa nini, mwanangu? Debe tupu ndilo haliachi kuvuma. Hii imejaa pomoni, kelele itatoa wapi?

— Methali hiyo si ya chupa, mzee.

— Ni ya vyombo vyote.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Mimi naona kosa ni la nanasi. Nanasi hula ulimi, sivyo? Sasa humo ndani linakula gesi ya mashine. Likishiba litatulia.

— Na lisiposhiba?

— Litaanza kula kioo. Tuipeleke kivulini. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini.

— Nyie watoto hamjui kitu! Mzee Breki akapiga paja. Jana umeme si ulikuwa unakatika na kurudi? Mashine imeusukumia humo. Hiyo chupa imemeza umeme. Ukiigusa unakufa umesimama.

— Mbona Sindano ameibeba na hakufa?

— Alivaa kandambili!

Hakuna aliyecheka. Chupa ilizidisha mluzi wake.

— Fundi, Kinyozi akasema taratibu, mashine za gesi zina kipimo. Ya kwako ilisoma ngapi?

Hapo ndipo angesema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

— Ilisoma vizuri tu, akajibu. Mungu amsamehe, uongo wa pili ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

Kinyozi hakuridhika. Akaichukua chupa kwa taulo la dukani, mikono ameinyoosha mbele na uso ameugeuza pembeni, akaitua chini ukutani, akaifunika kwa ndoo. Hajafika kwenye benchi, PAA! Ndoo ikaruka, ikaanguka imechanika ubavu. Kipande cha kioo kikakita kwenye mlango wa mbao, usawa wa jicho la mtu mzima.

Juisi ikachuruzika ukutani na povu lake.

Mama mmoja, muuza mkaa, alikuwa amesimama tu akisubiri kahawa. Akauliza:

— Hiyo ilikuwa peke yake, au kuna nyingine?

Mzee Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Sindano.

— Fundi, mama anauliza.

— Sita, akasema mwishowe. Ziko mezani kwa dada yangu, na wakwe wameshafika. Jamani, sina mashine. Niliwadanganya. Ni hamira, wala sikuipima. Plastiki ilikuwa ikijaa hewa inakuwa ngumu, naibonyeza, najua, nalegeza kifuniko. Kioo hakikuambii kitu.

Akajipapasa mifuko yote. Simu aliiacha juu ya cherehani. Akamnyooshea Kinyozi mkono.

— Nipe simu yako, ndugu yangu, nimwambie awatoe watu sebuleni.