Dawa ya Sukari na Sucré

Ndani ya basi tuliyopanda kwenda mtaa wa Kenya, mama mmoja alishika kichupa katikati ya viganja kama kifaranga. "Ni dawa ya ugonjwa wa sukari ya mama yangu," alimwambia baba aliyekaa pembeni yake. "Kwetu courant ya umeme hakuna, boutique, lile duka la jirani, ndiyo inatuchungiaka dawa mu frigo. Leo mwenye boutique anafurahi: 'Mama, nimekugandishia muzuri, kama sucré, soda ya kunywa ku fête!'"

"Si imeyeyuka?" baba akasema. "Baridi ni baridi."

"Ku hopitali balisema, ikiganda imekufa, haina nguvu tena."

"Bale ba hopitali banasemaka mingi," baba akajibu. Basi nzima tukaitika, sote tulishakuwa madaktari.

"Na kama kweli imekufa, baba?"

Baba akageukia dirisha. Basi ikasimama, simu ya yule mama ikalia, mama yake akiulizia dawa. "Ndiyo, mama," akajibu akishuka. "Niko nayo."