Suruali Iliyobanwa

Nani aliibana suruali hii? Msitazamane. Iko hapa juu ya shuka, mnaiona, na mimi ninayeuliza sina siku za kuchezea. Haya, sikilizeni kwanza, wanangu. Jibu litanikuta hapahapa kitandani.

Nyumba ni ya binti yangu, kwa kuwa ndiye aliyepaka kuta hizi rangi wakati kaka yake akitoa maoni. Uwanja wa mbao ni wenu nyote wawili, na mkigombania mpaka, mkumbuke kwamba magogo hayajui ya nani ni ya nani. Inabaki misumeno ya mashine, na huo ndio urithi unaonitia hofu, maana nyumba haijawahi kumkata mtu paja.

Nilipoacha ofisi na shahada yangu nikaja kuangusha miti na baba yenu, ndugu zangu walinicheka mpaka wakachoka, kisha wakaja kuomba mbao za kuezekea. Niliwapa. Sikuwasahau, lakini niliwapa. Baba yenu ndiye aliyenifunza kwamba mti hauna haraka, mwenye haraka ni wewe. Msumeno uwasheni ukiwa chini, mmeukanyaga kwenye mshikio, breki ya mnyororo imefungwa, si ukining'inia mkononi kama wafanyavyo wanaotaka kutazamwa. Msiuinue kupita bega. Ncha yake isiguse tawi, maana ikigusa inaruka nyuma, na itakufika usoni kabla hujamaliza kuita mama. Kabla ya kukata, jueni mtakimbilia wapi, na njia hiyo muifyeke kwanza. Asikate mtu peke yake: mti ukikulalia, simu iliyo mfukoni chini ya gogo ni pambo. Mkichoka, zimeni, mti mtaukuta kesho. Na masikio myafunike. Mnadhani kwa nini baba yenu alikuwa akinijibu “sawa” kwa kila nililomwambia? Mwaka mzima nilijiona nimeolewa na mume mtiifu.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Sasa suruali. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu zilizolegezwa makusudi. Mnyororo ukipasua kitambaa, nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye gurudumu la mashine na kuisonga mpaka inasimama. Ndiyo maana ni pana, ndiyo maana ina joto, ndiyo maana mtu akiivaa anafanana na gunia linalotembea. Gunia lenye miguu miwili, lakini. Siku ya ule mti wa nyuma ya zahanati, msumeno ulidunda ukatua pajani mwa kaka mtu, na suruali hii haikuzuia kitu. Alipozinduka hospitali akasema mvuta kamba, yule anayeuelekeza mti pa kuangukia, alivuta kabla ya kuambiwa, tawi likamgeukia. Neno la majeruhi nani alipinge? Mvuta kamba akaondoka na jina baya, na tangu siku hiyo hakuna anayemshikisha hata kamba ya mbuzi.

Juzi nikaifumua kwa mkasi. Kuna mtu alipitisha cherehani kwenye tabaka zote, kuanzia pajani hadi gotini, ili ikae vizuri mwilini. Nyuzi zikashonwa mahali pamoja, zingechomokea wapi? Nyumba hii ina cherehani moja. Lakini binti yangu ni fundi, hata akisinzia mshono wake hunyooka, na huu umepinda kama njia ya mlevi. Binti, usiangalie dirisha. Kumsitiri ndugu ni kuzuri, ila mficha uchi hazai.

Sauti inaniishia, kwa hiyo niyaseme ya mwisho. Suruali hii ichomeni, asiirithi mtu. Nunueni mpya, na ikiwa pana, ibaki pana. Msumeno mkubwa ni wa atakayejibu swali langu, maana anayedanganya kuhusu suruali atadanganya kuhusu breki, na siku hiyo atazikwa mtu asiyehusika. Asipojibu mtu, uuzwe.

Ninawaombea... subirini, niinulieni mto... ninawaombea mzeeke na vidole vyenu vyote. Masikio yenu yawasikie wajukuu. Kila jioni mrudi nyumbani kwa miguu yenu wenyewe. Na wewe, mvuta kamba, nilikuita mimi, usisimame mlangoni kama mdai. Sogea... sogea wakuone.

Haya. Nauliza tena, na sitauliza... nani?

“Mimi, mama. Niliibana mwenyewe. Dada alinikatalia, nikangoja atoke.”

Endelea, mwanangu. Si mimi... mtazame yeye.

“Ndugu... kamba hukuivuta. Ilikuwa imelegea mkononi mwako. Niliiona.”