Chumvi Chini ya Nailoni

Wapendwa, Mungu ni mwema, na mnaonijua mnajua nasema hivyo hata nikiwa nimenuna. Leo nimenuna. Mama mchungaji aliponiomba nisimame nilimwambia, mama, hasira yangu bado haijaisha. Akasema njoo nayo hivyo hivyo. Basi nimekuja nayo.

Mnajua mume wangu alipooza upande wa kulia. Daktari alisema atatembea tena, ila afike Mbeya kila wiki kwa mazoezi, asikose. Tulianza na basi. Mtu mzima anabebwa mlangoni kama gunia, konda anapiga kelele, "Haraka mama, haraka!" Nikasema hapana. Tukauza kakao ya misimu miwili na kipande cha shamba la mpunga kule Ipyana, tukanunua gari lililotumika nje. Lilikuwa safi, linanukia marashi. Muuzaji wa yadi akatupa karatasi ya dhamana ya miezi sita, yenye muhuri. Nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Viti vilikuwa na nailoni, na sakafu nzima ilikuwa na nailoni iliyobandikwa kwa gundi. Nikakataza mtu kuitoa. Fundi wetu wa hapa mjini alitaka kuchungulia chini, nikamwambia, "Wewe na mikono yako ya grisi, usinichafulie." Juu ya nailoni nikatandika mkeka! Mnacheka, lakini nani hapa ameshatoa nailoni kwenye kochi lake? Haya, nyamazeni.

Mwezi wa pili haujaisha, honi ikaanza kulia yenyewe. Ililia msibani, jeneza linateremshwa, watu wote wakanigeukia mimi. Vioo vikawa vinashuka mvua ikinyesha. Halafu gari likawa linazima. Siku moja lilizima tukipanda kwenda Tukuyu, tukakaa kwenye ule mlima tangu asubuhi mpaka alasiri. Mume wangu alijikojolea, magari yanapita, watu wanachungulia. Ameniruhusu niseme. Mazoezi ya wiki ile akayakosa.

Lori likatuvuta mpaka yadi. Meneja hakuuliza gari lina nini, aliuliza tunatoka wapi. Nikasema Kyela. Akacheka.

"Kyela? Nyie si mnakaa kwenye maji kama vyura?" Akafungua boneti, akanionyesha kutu kwenye waya. "Mama, mmelizamisha kwenye mafuriko. Dhamana haihusu gari lililoingia maji."

Nikamwapia. Siku za mafuriko gari lililala Bondeni kwa dada yangu, kwenye uwanja uliojazwa kifusi, na mimi nilivua viatu nikatembea kwenye maji mpaka nyumbani Ipyana. Akacheka tena. "Bondeni ndiko juu?" Ndugu zangu, nawaambia, siku ile niliijua hasira. Tulirudi mara tatu, jibu likawa lile lile. Mwisho nikalivuta gari mpaka nyumbani, likakaa uani. Kuku wakalala juu yake.

Wiki zikapita bila mazoezi. Mguu wa mume wangu ukakakamaa. Na hapo ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwenye pombe wala kwa waganga, nilianguka mdomoni. Siku hiyo aliniomba maji ya kunywa. Nikamwambia, "Wewe na hilo gari ni mamoja, wote hamtembei."

Tangu siku hiyo akawa haniombi tena maji. Anakaa na kiu mpaka jirani apite, amwombe yeye. Nilijua, na maji sikumpelekea.

Kuna mama anauza usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Simtaji, ila amekaa nyuma pale anajificha na kitenge. Alikuja kwangu mvua inataka kunyesha, akasema, "Nipe ile nailoni ya gari lako nifunikie mzigo." Nikamwambia chukua, ina faida gani tena. Akaibandua upande mmoja. Kapeti lilikuwa limeganda weupe. Nikasema ni ukungu. Yeye akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi hii."

"Chumvi itoke wapi?"

"Mimi nimezaliwa ufukweni," akasema. "Maji ya ziwa letu tunapikia mboga na chumvi bado tunatia. Mafuriko yetu ni maji ya mito. Mama, gari lako lilizama baharini, kabla hujaliona."

Nilikaa chini pale uani nikalia kwa hasira. Kisha tukakata kipande cha kapeti, nailoni ikiwa bado imeshika upande mmoja na gundi yake, tukapanda basi wote wawili. Pale yadi palikuwa na wateja. Nikaweka kapeti mezani, nikamwambia meneja, "Onja."

Akasema tulibebea samaki wa chumvi. Huyu mama akamjibu taratibu, "Usipa tunaanika juani, mwanangu, hatutii chumvi. Halafu tueleze, hiyo chumvi ilipitaje chini ya nailoni uliyoibandika wewe?"

Mteja mmoja akaonja. Akaweka funguo alizokuwa ameshika mezani, akatoka nje. Ghafla meneja akaanza kuniita mama yangu, karibuni ofisini, chai. Chai yake sikunywa. Tuliondoka na gari lingine, na safari hii fundi wetu, niliyempigia simu aje, alikuwa amelivua kila kitu kwanza, kwa mikono yake ile ile ya grisi. Mazoezi ya Mbeya yakaanza tena, kila wiki.

Yule meneja radhi hakuomba mpaka leo. Na nasikia gari lile limerudi sokoni, lina nailoni mpya. Mniombee, maana hapo sijasamehe.

Mama wa usipa, ndaga fijo, asante sana. Fundi, nisamehe. Jirani, asante kwa yale maji. Nanyi wengine, mtu akikuambia kosa ni lako kwa sababu ya unakotoka, usiiname. Funua chini kwanza.

Mume wangu nilimpigia magoti, akaninyanyua kwa mkono wa kushoto. Leo asubuhi nilimuuliza, "Baba, nikuletee maji?" Akasema, "Kaa."

Akaenda mtungini mwenyewe.