Orodha Yenye Cachet ya Uongo

Pale Mususa, mbele ya karakana ya viti, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, unaitwa Parlement Assis, bunge la kuketi. Sehemu nyingine za Butembo watu hujadili wamesimama. Hawa wanatunza magoti. Kanyere, muuza kahawa, huwamiminia ya thermos, na ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu, kuna bureau inayoandika majina ya walimu waliokimbia vita ya Kayna. Siku ile ilikuwa ya mwisho: saa sita kamili orodha ingepelekwa Beni, na ambaye jina lake halimo hatapewa darasa mwaka huu.

Mwalimu Mathe, mmoja wa wakimbizi hao, ambaye Parlement ilimbatiza Craie, yaani chaki, alikuwa amejiandikisha tangu juzi. Kwa telefone. Hapo ndipo alipoumia. Fichier, faili la simu, ilipita katika kikundi cha WhatsApp cha walimu wa Kayna: tableau safi, jedwali la mistari, jina la bureau juu, cachet ya zambarau, muhuri wa mviringo, pembeni, na chini mstari wa buluu wenye anwani ya bureau. Aligusa mstari, ukurasa ukafunguka, akajaza jina, matricule yake ya kazi, namba ya simu na mahali anapolala na watoto wake wanne. Kisha zikaja tarakimu za siri za WhatsApp, akazijaza nazo. Asubuhi hii WhatsApp yake iko mikononi mwa mtu asiyemjua, anayewasihi wakwe zake nao wajaze haraka.

Cyrille, mwenye duka la fotokopi, anayeitwa Souris, yaani panya, alikuwa akieleza kwa mara ya tatu.

— Ni tundu, Craie. Programu yenyewe ya tableau iko na tundu. Mutu anavalisha fichier jina ya mwingine, na programu inakuonyesha ile jina, haipige kelele. Unasoma anwani ya bureau, kumbe kidole inaenda kwa mwizi.

— Mais ilikuwa na cachet.

— Cachet ni picha.

— Ya mviringo, Souris. Na signature imepita juu yake.

Souris alishika kichwa. Lakini Mathe angefanyaje? Miaka kumi na tisa ya ualimu, hajaona karatasi yenye cachet ikikataliwa. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari husoma cachet kabla ya kusoma uso. Na signature ikishapanda juu ya wino wa zambarau, nani aliyelelewa huku atabisha?

Brigadier Zorobabel, askari mstaafu aliyetumwa huku kutoka mbali na akasahau kurudi, alitangaza kwamba tundu limechimbwa na adui. Adui anataka kujua walimu wa Kayna wanalala wapi. Akiwanyakua, watoto hawatajua hesabu; wasipojua hesabu, kesho jeshi halitaweza kuhesabu maadui. Kwa hiyo alimkataza Mathe kuvuka barabara kabla uchunguzi haujaisha, maana labda bureau nayo imo. Mathe alishainuka mara mbili, na mara mbili alivutwa shati, akakaa.

Mbusa fundi viti, ambaye kwa wingi wa maneno yake anaitwa Ministre, yaani waziri, aliona Brigadier anafanya utoto.

— Munaongea juu ya tableau moja. Kama fichier inaweza kuvaa jina ya bureau, muji haiwezi? Hii Butembo tunaikalia labda ni picha tu. Ile ya kweli balishaibeba zamani.

— Na kahawa hii? aliuliza Kanyere.

— Njo maana haina sukari.

Mathe aliweka kikombe chini. Sauti yake ilitoka ya upole, ile ya mwalimu anayekaribia kuvunja chaki.

— Miye nauliza kitu moja tu. Jina yangu iko kwa liste ama haiko?

Souris alimshauri afanye mise à jour ya telefone, aweke programu mpya. Brigadier alimshauri ahame nyumba. Ministre alimshauri abadili jina. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Mama mmoja mnene akavuka barabara polepole, ufunguo wa bureau umefungwa kwenye ncha ya kitenge, akaomba kahawa. Kanyere alikamua thermos mpaka tone la mwisho. Mteja huyo alikuwa Mama Anne-Marie, mwandishi wa bureau.

— Tangu saa mbili niko peke yangu pale ndani na kalamu, alisema, akipuliza kikombe. Banasema walimu ba Kayna beko arobaini hapa Mususa. Hakuna hata moja alikuja. Juu ya nini?

Souris alitazama kahawa yake. Brigadier alitazama mbinguni. Ministre alivuta kiti kibovu, akaanza kukipigilia msumari.

Mathe alikuwa tayari ng'ambo, anavuta kwa mikono miwili mlango wa bureau uliofungwa. Na mama, ufunguo kwenye kitenge, bado alikuwa anangoja ajibiwe.