Kesi ya Kucha za Yusufu Chuma

Kijiwe chetu kiko Magomeni, Mtwara, benchi moja la mbao mbele ya genge lililofungwa, na nikisema chetu nasema kifua mbele. Mwaka ule ulipoanza mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani, maofisa waliufafanua kwa semina nzima na watu wakatoka wamenuna. Sisi tuliumaliza kwa birika moja la kahawa. Mimi ndiye naongoza mazungumzo, ndiyo maana wananiita Spika. Basi Ijumaa moja baada ya swala, Yusufu, tunayemwita Chuma kwa kuwa homa haijawahi kumlaza, alitufikia na kesi. Asubuhi mkewe Mwaisha alikuwa anamkata kucha, kama kila Ijumaa, akaona zimegawanyika: upande wa shina nyeupe kama chokaa, upande wa ncha kahawia. Akamtaka waende hospitali siku ileile. Chuma akamjibu angoje kwanza kijiwe kiamue. Mnaona heshima hiyo?

CHUMA: Waheshimiwa, kucha zenyewe hizi hapa. Mama watoto anasema kucha zikibadilika rangi, ndani kuna jambo. Niende, nisiende?

REDIO: Kayatoa wapi hayo?

(Redio ni Mohamedi. Hazimwi.)

CHUMA: Kliniki, alipompeleka mjukuu. Nesi anawatazama watoto kucha. Zikiwa nyeupe sana, anasema huenda damu imepungua.

REDIO: Za watoto! Wewe unanyonya?

BWANA SHAMBA: Hebu lete mkono.

Abdulkarimu hajawahi kuwa bwana shamba hata siku moja. Aliwahi kumbebea bwana shamba pampu ya kupulizia mikorosho kule Nanyamba, jina likamganda, na yeye hakulikataa. Aliushika mkono wa Chuma, akaugeuza, akaunusa.

BWANA SHAMBA: Kahawia hii naijua. Mafuta ya maganda ya korosho. Umeanza kubangua lini?

CHUMA: Kabla sijaota hata ndevu.

BWANA SHAMBA: Basi kesi imekwisha! Mafuta yale yanababua ngozi, yataacha ukucha? Huu si ugonjwa, bwana, hiki ni cheti.

Hapo wote tulinyoosha mikono juu ya birika. Mikono yenye mabaka, vidole vimekomaa, majivu tuliyokuwa tukijipaka wakati wa kubangua hayakusaidia kitu. Wageni wakituona husema hatunawi. Mikono hiyo imeezeka bati na imesomesha watoto, na mimi sioni haya kuionyesha popote.

MIMI: Sawa, kahawia tumeijua. Na weupe?

BWANA SHAMBA: Mhogo huo. Kaumbwa tumboni kwa ugali wa mhogo, kakuzwa kwa ugali wa mhogo, utakwenda wapi? Chuma, ukucha wako ni ramani ya wilaya. Huku mihogo, huku mikorosho!

CHUMA: Lahaula! Kumbe natembea na wilaya.

REDIO: Nyie mnacheza. Mimi nimesikia mafuta ya korosho Ulaya wanatengenezea breki. Breki za ndege, jamani! Huyu akienda hospitali watamng'oa kucha zote kumi, zisafirishwe. Atarudi na bandeji.

MIMI: Acha uongo, Redio.

REDIO: Uongo? Umewahi kuona ndege imeshindwa kusimama Mtwara? Nani anazisimamisha? Sisi!

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kanzu.

BWANA SHAMBA: Na wahenga wamesema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kipelekwe maabara.

CHUMA: Lakini Mwaisha amelia, Spika. Si mwanamke wa kulia yule.

REDIO: Kidole kimoja hakivunji chawa! Yeye yuko peke yake, sisi tuko wanne. Nani mwenye haki hapo?

Nikaona wakati umefika. Nikainua kikombe.

MIMI: Wanaoafiki Chuma asiende hospitali, waseme ndiyo!

WOTE: Ndiyooo!

Chuma ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Nikagonga benchi, hoja ikapita.

Katikati ya makofi akafika kijana mmoja na kikapu cha samaki wakavu. Akasema anaitwa Salumu, wa Kitaya kule mtoni, anangoja gari la kurudi. Benchi lilikuwa limejaa, akakaa chini, juu ya kidumu, akatazamana na miguu ya Chuma. Chuma alikuwa amevua ndala, alisema zinambana.

SALUMU: Shikamooni wazee.

WOTE: Marahaba.

SALUMU: Nimewasikia kuhusu hizo kucha. Hata kwetu korosho zipo, tunabangua kwa mikono. Mzee huyu anabangua na kwa miguu?

Tukainama. Kucha za miguu ya Chuma zilikuwa vilevile, nyeupe kwenye shina, kahawia kwenye ncha. Na miguu yenyewe ilikuwa imevimba, mishipi ya ndala imeacha alama.

Bwana Shamba akaanza, "Wahenga wame..." akaishia hapo. Kijana hakuwa na dharau, aliuliza tu na alikuwa anangoja jibu. Chuma akairudisha miguu chini ya benchi.

CHUMA: Spika, si umeshapitisha?

MIMI: Nimepitisha.

CHUMA: Sasa mbona mnaniangalia hivyo?

Akainama, akaigusa alama ya mshipi mguuni.

CHUMA: Naogopa, jamani.

Hatukuwahi kumsikia akisema neno hilo. Lilinichoma. Tangu nikalie benchi lile sijawahi kutengua uamuzi, na watu wa vijiwe vingine wanalijua hilo, natamba nalo kila siku. Nikagonga benchi tena.

MIMI: Hoja imetenguliwa. Redio, kamwite Mwaisha. Bwana Shamba, lete baiskeli.

CHUMA: Na watu wakipita wakikuta benchi tupu? Watasema kijiwe cha Magomeni kimeshindwa na kucha.

MIMI: Waseme. Vaa ndala, ndugu yangu. Zikikubana, nitakushikia.