Maua ya Mama Vitalis

Mama tunayemsindikiza leo, Mectilda Akonaay, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 Endagikot, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Akonaay.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akaenda kujifunza ushonaji kwa masista. Huko Sista Hilda alimfundisha kutengeneza maua ya karatasi, ufundi ambao watawa wa Ulaya ya zamani waliutumia kupamba altare majira ya baridi, bustani zikiwa tupu.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Herman Bura, wakahamia hapa Gitting. Mtoto wao wa kwanza, Vitalis, alifariki kwa surua mwaka 1981, akiwa na miezi minane. Walimwekea maua mabichi kaburini. Kesho yake mbuzi walikuwa wameyala yote, hata vikonyo. Mama Vitalis, jina aliloitwa hadi mwisho, alilia upya. Akatengeneza ya karatasi, mvua ikayatoa rangi. Basi akayachovya kwenye nta ya nyuki, yakadumu.

Sifa zikaenea, akaombwa kupamba kanisa Pasaka ya 1984. Alisahau jambo moja tu: nta ina wenyewe. Katikati ya mahubiri nyuki waliingia dirishani kuifuata harufu, waumini wakatoka mbio, mzee Herman akiwa wa kwanza. Padri alipopata pumzi alimwambia, "Mama Vitalis, leo umehubiri kunishinda."

Kuanzia mwaka 1996 alikuwa na kibanda Katesh. Maua ya plastiki na ya kitambaa yalipoingia sokoni hakuyachukia. Aliyachanganya na ya mkono wake. Maharusi walimkimbilia, hasa kiangazi, maana shada lake lilipendeza kwenye picha na miaka kumi baadaye bado lilikuwa sebuleni. Waliomtania kwamba anauza maua ya uongo aliwajibu, "Na picha ya marehemu ni uongo? Mbona mmeitundika?"

Kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, alikwenda kaburini kwa Vitalis kubadili maua yaliyochakaa na kufuta mengine vumbi kwa kitambaa chenye maji. Binti yake Scolastica alichoka kungoja. "Mama, si hayanyauki? Tunafuata nini kila mwaka?" Mama aliendelea kufuta.

Machi 2023 kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kulia. Scolastica akawa anafunga waya, mama akielekeza kwa kidole cha kushoto na kuamuru kila kilichopinda kifumuliwe. Wiki ya mwisho ya uhai wake alimwita.

"Scola, maua yangu hayanyauki, lakini vumbi yanashika. Nani atamfutia kaka yako?"

Scolastica akalia. Mama alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha mume, watoto watatu, Scolastica, Agustino na Konsolata, na wajukuu saba. Kaburi lake liko kando ya la Vitalis. Jana asubuhi wachimbaji walipofika, walimkuta Scolastica amepiga magoti kwenye la Vitalis, kitambaa mkononi. Walipomaliza kuchimba, vumbi lilikuwa limetua tena juu ya maua. Akachovya kitambaa, akaanza upya.

Pumzika kwa amani, Mama Vitalis. Jibu lako umelipata.