Orpha Skaggs na Njia ya Makaburini

Marehemu Orpha Lindamood Skaggs alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 huko Pell Fork, West Virginia, mtoto wa tatu wa mzee Harless na mama Icie Lindamood. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akiwa ameshajulikana kwa kumsahihisha kila mwalimu aliyekosea kuandika jina lake.

Mwaka 1974 alianza kazi ya kufuatilia hati za ardhi kwa niaba ya wanunuzi wa nyumba: nani alimuuzia nani, nani alijibakizia haki gani. Kaunti ilipohamishia kumbukumbu zake mtandaoni, amani ya nyumbani kwake ilipungua. Ukikosea herufi moja, mfumo unajibu hakuna kilichopatikana. Ukinyanyuka kumimina kahawa, umeshakutoa nje na unadai nywila upya. Mumewe alizoea kumsikia akiisema kompyuta: "Miaka yote hii naishi hapa, na bado hunijui."

Mume huyo, Denver Skaggs, alimwoa tarehe 12 Juni 1976. Walikutana Denver alipotaka kununua shamba, Orpha akamwambia kwamba muuzaji hamiliki hata robo yake. Denver alinuna wiki nzima, kisha akarudi na pai ya pichi.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua Orpha. Wakati huohuo mlima walikozikwa wazazi wake ukapata mmiliki mpya, naye akatia lango kufuli. Orpha akaapa kuitafuta hati iliyowabakizia akina Lindamood njia ya makaburini. Kompyuta aliibeba hadi hospitali, kwenye kusafishwa damu. Denver alimsihi aende tu akazungumze na yule bwana.

"Siombi kilicho changu," alimjibu.

Jina lao halisi halikuleta kitu, akaanza kubahatisha makosa ya makarani wa zamani: akaandika Lindamud, akaandika Lindimood. Hakuna. Mwezi Septemba akajaribu Lendermood, na hati ya mwaka 1931 ikatokea. Alicheka, kisha akalia kwa hasira.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Oktoba, kabla hajaipeleka. Denver ndiye aliyekwenda nayo. Mwenye mlima aliisoma akiwa mlangoni, akaenda kuchukua ufunguo.

"Mbona hamkuniambia kuna makaburi?" aliuliza. "Mimi nilifungia ng'ombe wasitoke."

Denver alipokea ufunguo, akarudi kwenye gari.

Orpha ameacha mume, binti yao Twyla, wajukuu wawili, na dada yake Lavonne. Leo analazwa kando ya mama yake. Mungu ampe utulivu ambao ule mfumo haukumpa hata siku moja.